Nchi Jirani: Onyo la Kwenye Pakiti Linamlinda Nani?

Tarehe 26 Novemba 2019, Mahakama ya Juu ya Kenya, ikiketi mjini Nairobi, iliitupilia mbali rufaa ya kampuni ya British American Tobacco ya nchini humo. Rufaa hiyo ilihusu Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za mwaka 2014, ambazo pamoja na mambo mengine ziliamuru pakiti za sigara zichapwe picha za maradhi yanayoletwa na uvutaji. Miezi sita kabla ya hapo, mwezi Mei mwaka huohuo, Mahakama ya Katiba ya Uganda mjini Kampala ilikuwa imekwisha kuitupa kesi ya kampuni ndugu, iliyokuwa ikiipinga Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015.

Ndugu wasikilizaji, maafisa na wapiganaji, mtu aliyezisikia habari hizo kwa mbali aliweza kustaajabu. Pakiti ya sigara ni kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono. Maneno yanayoandikwa juu yake ni machache, na wavutaji wengi huirarua karatasi na kuitupa bila kuyasoma. Iweje basi makampuni yenye fedha nyingi yaajiri mawakili hodari, yatumie miaka mitatu au minne mahakamani, na yapande kutoka mahakama moja hadi nyingine, kwa ajili ya kanuni ambazo sehemu yake kubwa ni habari ya maandishi na picha juu ya karatasi?

Jibu ni kwamba onyo lililochapwa juu ya bidhaa si pambo, wala si wema mtupu wa mwenye kiwanda. Onyo ni kitendo cha kisheria. Linamwambia mnunuzi kwamba iko hatari, na papo hapo linaweka kumbukumbu kwamba mnunuzi huyo ameambiwa. Siku madhara yatakapotokea na watu watakapofika mbele ya hakimu, maneno yale machache ndiyo yatakayoamua lawama imwangukie nani. Kwa hiyo, swali linalofaa kuulizwa kila onyo linapoonekana, iwe ni juu ya sigara, chupa ya pombe au dawa ya kuua wadudu, ni hili: onyo hili linamlinda nani? Linamlinda anayetumia, au linamlinda anayeuza?

Ili kulielewa jambo hili vizuri, hapana budi kurudi nyuma kidogo na kutazama asili yake. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi kilichokuwa katika chupa ya kioo cheusi kisichopenya macho. Alikwisha kunywa sehemu ya kinywaji hicho, na kilichobaki kilipomiminwa, ikadaiwa kuwa yalitoka mabaki ya konokono aliyeoza. Mama huyo akaugua. Lakini kwa sheria ya siku zile hakuwa na njia ya kumdai mwenye kiwanda, kwa sababu si yeye aliyelipa fedha, wala hakuwa na mkataba wowote naye. Kesi ikapanda hadi katika Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo siku hizo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho. Tarehe 26 Mei 1932, malodi watatu dhidi ya wawili walitamka kwamba mwenye kutengeneza bidhaa anao wajibu wa kumjali yule atakayeitumia, hata kama hamjui na wala hakuuziana naye.

Hukumu hiyo ya konokono ndiyo msingi wa madai mengi ya madhara ya bidhaa katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania. Na kutokana na wajibu huo wa kujali ukazaliwa wajibu wa kuonya. Ikiwa kitu kina hatari ambayo haiwezi kuondolewa, basi mtengenezaji hana budi kuisema hatari hiyo. Asiposema, anaweza kulipa fidia. Akisema, hali inageuka.

Hapo ndipo onyo linapopata sura mbili. Waswahili husema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa mzazi anayemwonya mtoto, maneno hayo ni ya huruma, kwa kuwa mzazi hataki guu livunjike. Lakini katika mikono ya wakili wa kampuni, methali hiyohiyo huwa ni kinga. Wakili husimama na kusema: mkuu alikwisha kunena, maneno yako pale juu ya pakiti, na guu lililovunjika ni la mwenyewe aliyekaidi. Mzazi hapati faida yoyote mtoto anapokaidi. Kampuni ya sigara hupata fedha kila mara onyo lake linapopuuzwa.

Nchi iliyolionyesha jambo hili waziwazi kuliko nyingine ni Marekani. Mwezi Januari 1964, Mganga Mkuu wa Serikali ya nchi hiyo alitoa taarifa iliyosema kwamba uvutaji wa sigara ni chanzo cha saratani ya mapafu kwa wanaume. Taarifa hiyo ilitikisa biashara ya tumbaku. Mwaka uliofuata, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuweka onyo juu ya pakiti, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1966. Wengi waliiona kuwa ni ushindi wa afya. Lakini maneno yenyewe yalikuwa laini. Yalimtahadharisha mvutaji kwamba sigara “huenda” ikawa na madhara kwa afya yake. Taarifa ya waganga ilikuwa imetaja saratani kwa jina, onyo halikuitaja. Zaidi ya hayo, sheria hiyohiyo ilizizuia kwa muda wa miaka kadhaa mamlaka za majimbo na idara nyingine za serikali zisidai onyo kali zaidi.

Maneno yalibadilishwa baadaye, na neno “huenda” likaondolewa kwa sheria iliyopitishwa katika kipindi cha mwaka 1969 na 1970. Hata hivyo, faida ambayo makampuni yaliipata kutokana na onyo ilionekana baada ya zaidi ya miaka 20. Mwaka 1992, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikata shauri lililofunguliwa na mwanamke mmoja mvutaji aliyekuwa na saratani ya mapafu, na kuendelezwa na jamaa zake alipokufa. Mahakama ilisema kwamba kwa kuwa sheria ya nchi ndiyo iliyoweka maneno ya onyo, mvutaji hawezi kuidai kampuni fidia, kwa sheria za jimbo lake, kwa hoja kwamba baada ya sheria hiyo ya pili kuanza kazi matangazo yake yalipaswa kuonya zaidi ya pale. Madai ya namna nyingine, kama ya udanganyifu, yaliachiwa mlango. Lakini mlango mkubwa wa kusema “hamkunionya vya kutosha” ulikuwa umefungwa, na ufunguo wake ulikuwa ni lile onyo lenyewe.

Mwaka 2006, jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho mjini Washington alitoa hukumu ndefu akasema kwamba makampuni makubwa ya sigara ya Marekani yaliudanganya umma kwa miongo mingi juu ya madhara ya bidhaa zao. Ina maana kwamba katika miaka ile ambayo pakiti zilikuwa zikisema “huenda”, wenye kuuza walijua zaidi kuliko walivyosema. Onyo lilikuwapo, lakini ukweli haukuwapo.

Funzo la Marekani halikupotea bure. Mataifa yalipokaa chini ya Shirika la Afya Duniani na kupitisha, mwaka 2003, Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku, kifungu chake cha 11 kiliandikwa kwa uangalifu. Kifungu hicho kinasema kwamba maonyo yaidhinishwe na mamlaka ya serikali, yawe makubwa, yaonekane wazi na yasomeke, na yabadilishwe kwa zamu ili macho yasiyazoee. Kwa upande wa ukubwa, yanapaswa kuchukua asilimia 50 au zaidi ya uso wa pakiti, na kwa vyovyote yasipungue asilimia 30. Mkataba ulianza kufanya kazi mwaka 2005. Kenya iliuridhia mwaka 2004, na Tanzania na Uganda ziliuridhia mwaka 2007. Shabaha yake katika kifungu hicho ni kuitoa kalamu katika mkono wa muuzaji na kuiweka katika mkono wa serikali, ambayo ndiyo inayobeba mzigo wa hospitali.

Kenya ilitunga Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Sheria hiyo iliamuru kila pakiti iwe na onyo lisilopungua asilimia 30 ya uso wa mbele na asilimia 50 ya uso wa nyuma, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Jambo la lugha lisipuuzwe. Onyo lililoandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi haielewi linamtimizia muuzaji haja yake ya kisheria, wala halimsaidii mnunuzi hata chembe. Kiswahili juu ya pakiti kilikuwa ni hatua ya kumfikia mpanda boda boda wa Kisumu na kuli wa bandari ya Mombasa.

Hata hivyo, maandishi peke yake yana mpaka. Asiyejua kusoma hapati kitu. Anayejua kusoma huyazoea maneno yaleyale mpaka yakawa kama ufa katika ukuta wa nyumba yake, asiouona tena. Ndiyo sababu Kanuni za mwaka 2014 zikaleta picha: mapafu yaliyoharibika, kinywa chenye saratani na mengineyo ambayo hayahitaji mkalimani. Kanuni hizo ziliwataka pia wenye viwanda kueleza viungo vilivyomo katika bidhaa zao, kuchangia asilimia 2 ya thamani ya bidhaa katika mfuko wa kudhibiti tumbaku, na ziliweka mipaka katika mikutano baina ya kampuni na watumishi wa serikali.

Kampuni ikaenda mahakamani mwaka 2015. Haikusimama mbele ya majaji na kusema kwamba sigara ni salama. Siku za kusema hivyo zimekwisha kupita. Hoja zake zilikuwa za utaratibu na za haki: kwamba wananchi na wadau hawakushirikishwa ipasavyo kanuni zilipotungwa, kwamba mchango ule ni kodi iliyotozwa kinyume cha katiba, na kwamba kampuni inabaguliwa. Mwezi Machi 2016, Mahakama Kuu ikaziacha zisimame sehemu kubwa ya kanuni hizo. Mwezi Februari 2017, Mahakama ya Rufaa ikaikatalia kampuni. Na kama ilivyokwisha kuelezwa, Mahakama ya Juu ikaufunga ukurasa mwezi Novemba 2019.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2016, ilidai kwamba onyo la maneno na picha lichukue asilimia 65 ya uso wa mbele na wa nyuma wa pakiti. Ilikataza kuvuta sigara katika sehemu za umma na sehemu za kazi, na hata nje yake mpaka umbali wa mita 50. Kampuni ikafungua kesi ikidai kwamba haki yake ya kufanya biashara halali inakandamizwa. Majaji wa Mahakama ya Katiba waliitupa kesi hiyo pamoja na gharama. Katika uamuzi wao walieleza kwamba waliiona kuwa ni sehemu ya mkakati wa dunia nzima wa kuzidhoofisha sheria za namna hiyo ili biashara ipanuke na faida iongezeke, bila kujali madhara ya afya.

Majaji wa Kampala walikuwa na sababu ya kutazama mbali. Uruguay, nchi ndogo ya Amerika ya Kusini, ilipoamuru onyo lichukue asilimia 80 ya pakiti, kampuni ya Philip Morris iliishtaki katika baraza la usuluhishi wa mitaji la kimataifa. Shauri lilichukua miaka sita. Mwezi Julai 2016 baraza likaamua kwamba Uruguay ilikuwa na haki, na kampuni ikaamriwa iilipe nchi hiyo dola milioni 7 kufidia gharama za kesi. Huko Australia, nako makampuni yalishindwa katika mahakama ya juu ya nchi hiyo mwaka 2012, baada ya serikali kuamuru pakiti zote ziwe na rangi moja isiyovutia. Kwa nchi yenye hazina nene, kesi ya miaka sita ni usumbufu. Kwa nchi yenye hazina nyembamba, tishio la kesi kama hiyo peke yake laweza kuifanya wizara iiache kanuni kabla haijatangazwa.

Ni haki kueleza upande wa pili. Biashara ya tumbaku inawalisha wakulima wengi, huko Migori nchini Kenya, katika wilaya za kaskazini magharibi ya Uganda, na Tabora nchini Tanzania. Kampuni hulipa kodi, na katika nchi zenye utawala wa sheria, kampuni kama mtu yeyote inayo haki ya kwenda mbele ya jaji. Wala si kosa kudai kwamba serikali ifuate utaratibu inapotunga kanuni. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku inawaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka duniani. Haki ya kufanya biashara haiwezi kuwa haki ya kuficha.

Jambo hili haliishii kwenye sigara. Tazameni dawa za kuua wadudu mashambani. Mwongozo wa kimataifa unaziweka dawa hizo katika madaraja kwa rangi ya utepe ulio chini ya lebo: mwekundu kwa sumu kali kabisa, kisha wa manjano, wa buluu, na wa kijani kwa ile yenye sumu hafifu. Rangi hizo ni msaada wa kweli, maana hata asiyesoma anaweza kufundishwa kuzifahamu. Lakini juu ya utepe huo mara nyingi huwa na maandishi madogo kama chawa, yanayomwagiza mkulima avae glavu, buti, kinyago na nguo maalumu. Mkulima wa nyanya mwenye robo eka hana vitu hivyo, na bei yake ni kubwa kuliko bei ya dawa yenyewe. Akipata madhara, ataambiwa kwamba hakufuata maelekezo. Maelekezo yasiyoweza kufuatwa na yule anayeandikiwa ni ngao ya yule aliyeyaandika.

Askari wanayo mizani nzuri ya kulipimia jambo hili, nayo ni alama ya uwanja wa mabomu ya ardhini. Itifaki ya kimataifa kuhusu mabomu hayo, iliyorekebishwa mjini Geneva mwaka 1996, inaeleza namna alama hiyo inavyotakiwa kuwa. Ikiwa ni pembetatu, isiwe ndogo kuliko sentimita 28 kwa 20. Ikiwa ni mraba, kila upande usipungue sentimita 15. Rangi yake iwe nyekundu au ya machungwa, na ukingo wa manjano unaong'aa. Iwe na picha inayotambulika, na neno la kutaja mabomu katika mojawapo ya lugha sita za Umoja wa Mataifa na katika lugha ya wenyeji wa mahali hapo. Msituni hakuna anayeandika kwamba “huenda” mguu ukakatika. Aliyeiweka alama hiyo hana faida yoyote mtu akiipita, ndiyo maana ikaandikwa kwa uwazi wote. Uganda, ambayo ilisumbuliwa na mabomu hayo katika sehemu za kaskazini na magharibi, ilitangaza mwaka 2012 kwamba maeneo yake yaliyojulikana yamekwisha kusafishwa. Katika miaka ya kazi hiyo, alama zile ziliwatenga watoto na mauti. Onyo la aina hiyo ndilo ambalo sheria za tumbaku za majirani zimejaribu kulikaribia.

Pamoja na hayo, sheria nzuri na lebo nzuri haziwezi kujisimamia zenyewe. Hapa ndipo kazi ya polisi inapoingia, na mifano ya majirani inafundisha kwa uchungu. Kenya na Uganda zote mbili zimepiga marufuku kuuza sigara moja moja. Sababu yake ni dhahiri. Mvutaji anayenunua sigara moja kwa mwuza pipi wa kituo cha basi haioni pakiti, na asiyeiona pakiti haoni onyo, hata kama onyo hilo limechukua asilimia 65 ya karatasi. Hata hivyo, biashara ya sigara moja moja imeendelea katika mitaa ya Nairobi na Kampala. Mahakama ya Juu inaweza kuilinda kanuni dhidi ya kampuni, lakini haiwezi kwenda kusimama kituoni.

Pombe inatoa funzo zito zaidi. Mwaka 2010, Kenya ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo. Sheria hiyo iliihalalisha chang'aa kwa masharti, yakiwemo kwamba ifungwe katika chupa za kioo na ibandikwe lebo yenye kueleza viungo na kutoa onyo la afya. Wazo lake lilikuwa kwamba kilevi kinachojulikana kilichomo ni afadhali kuliko kilevi cha gizani. Lakini mwezi Mei 2014, makumi ya watu walikufa huko Embu na katika kaunti nyingine, na wengine wakapofuka, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Lebo inaweza kuonya juu ya kilichoandikwa. Haiwezi kuonya juu ya sumu iliyotiwa kwa siri na mtu aliyeghushi chupa na lebo yake.

Kisha likaja tukio la mwezi Februari 2024 katika Kaunti ya Kirinyaga. Zaidi ya watu 10 walikufa baada ya kunywa pombe iliyouzwa katika baa ya kijijini. Serikali ya Kenya ilieleza kwamba pombe hiyo ilikuwa ni kielelezo kilichokamatwa na kuhifadhiwa katika kituo cha polisi, kikatoroshwa na kurudi kwa walaji. Neno “kielelezo” lilikuwa ndilo onyo la mwisho na lenye nguvu kuliko onyo lolote la kiwandani. Lilisema kwamba kitu hiki kimekwisha kutiwa mashakani na sheria, kisiguswe. Onyo hilo lilikuwa katika ulinzi wa watu waliokula kiapo, na hao ndio waliotakiwa kulitunza. Hakuna wakili wa kampuni aliyehusika hapo.

Kwa askari walioko mipakani, kwa mfano Namanga, Sirari, Horohoro na Mutukula, mambo haya si hadithi za mbali. Kila nchi ina maneno yake ya onyo, picha zake, ukubwa wake na stempu yake ya ushuru. Katoni yenye onyo lisilolingana na sheria ya nchi inamouzwa, au isiyo na onyo kabisa, inatoa ushahidi kabla mwenye mzigo hajafungua kinywa. Inaweza kuwa ni mali ya magendo iliyokwepa ushuru, au ni mali bandia ambayo hakuna ajuaye kilichomo. Kwa hiyo, askari anayeisoma lebo anafanya upelelezi. Na anayeipeleka katoni hiyo ghalani, akaiandika katika daftari kwa idadi kamili, na kuikabidhi ikiwa kamili, anaukamilisha upelelezi huo. Kesi nyingi hufa baina ya kukamatwa mali na kufikishwa mahakamani.

Tanzania inayo Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, na imeuridhia Mkataba ule wa kimataifa. Kwa hiyo, yaliyoamuliwa Nairobi na Kampala mwaka 2019 yanaihusu. Mahakama za majirani wenye sheria za asili moja zimekwisha kutamka kwamba serikali inayo haki ya kuamua onyo liweje, lugha gani itumike na picha gani iwekwe, na kwamba haki ya kampuni ya kufanya biashara haiishindi haki ya mwananchi ya kuambiwa ukweli. Makampuni yanayosikika katika kesi hizo hayajui mipaka, na hoja zilizoshindwa upande mmoja wa mpaka huweza kujaribiwa upande wa pili kwa maneno mapya.

Konokono wa Paisley alikuwa ndani ya chupa nyeusi, mnywaji asiweze kumwona. Tangu hukumu ile ya mwaka 1932, kazi ya sheria imekuwa ni kuifanya chupa ipenye macho, na hamu ya wauzaji wengi imekuwa ni kuiacha chupa kama ilivyo na kubandika karatasi inayosema kwamba walikwisha kuonya. Kenya na Uganda zimeichukua kalamu ya kuandika karatasi hiyo kutoka kwa muuzaji. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko katika maduka, katika vituo vya basi, kwenye vizuizi vya barabarani na katika ghala za vielelezo, na inafanywa na watu waliovaa sare.